Filamu Aliyoitazama Bila Sauti

Ukitaka kumkera mkutubi wa maktaba ya mji ule, mwambie kwamba mambo ya kale yamepita, tuachane nayo. Utakiona cha moto. Kwanza atakutazama toka viatu hadi utosi, avue miwani, aipanguse kwa upindo wa shali, halafu akuulize: "Kwenu kuna jambo gani ambalo likitajwa tu, watu wanabadilisha mazungumzo?" Ukijibu kwa mzaha, umejimaliza. Ukijibu kweli ndiyo balaa zaidi, maana atapotelea nyuma ya makabati yake na kurudi na kitabu cha historia ambacho hukukiomba, akuwekee mkononi na kusema, "Soma hiki." Hata salamu ya kuagana husikii.

Ndiyo maana watu walimpachika jina la Bi Soma-Hiki. Usidhani alikuwa akiwapa wasomi peke yao. Kinyozi wa mtaa wa nyuma alinyoa watu huku kitabu cha njaa ya wakati wa vita kimefunguliwa kando ya chupa za mafuta, na wateja wakalalamika kwamba siku hizi ndevu zao zinatoka upande upande. Dereva wa lori la taka alipewa kitabu cha watu waliojenga reli. Siku alipokirudisha alikibamiza mezani mpaka wanafunzi wakaruka. "Mama, watu walikufa hivi, halafu hakuna hata jiwe lenye majina yao? Hata jiwe!" Bi Soma-Hiki alifurahi kana kwamba ameletewa posa. "Umekasirika? Vizuri. Sasa umeanza kusoma. Chukua na hiki."

Alikuwa na msimamo wake, na msimamo wenyewe ulikuwa mgumu. Kitabu kinachowasifu watu wako toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, alisema, kiweke chini, hilo ni tangazo la biashara. Tafuta kinachokunyima usingizi. Na alikuwa hapendekezi kitu ambacho yeye mwenyewe hajakimaliza, kiwe kitabu au filamu. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi alasiri, alisukuma meza za ukumbini pembeni, akatundika shuka jeupe ukutani, akawaonyesha watu filamu ya historia. Ikiisha, taa zinawashwa na watu wanasema yaliyo moyoni.

Msimamo huo ulimtia matatani mara nyingi. Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja wa jiografia aliazima kwake kitabu kuhusu kazi za shuruti kwenye mashamba ya pamba. Sura ya nne akamkuta babu yake mzaa baba, kwa jina na ukoo, ndiye aliyekuwa akishika kiboko. Mwalimu alirudi maktaba na kitabu kwapani.

"Kitoe kitabu hiki."

"Sikitoi."

"Unanidhalilisha mimi na wanangu! Wewe ingekuwa baba yako ungekiacha hapo?"

"Ningekiacha," mkutubi akajibu bila kupepesa. "Mwalimu, babu yako ni wako. Kitabu ni cha watu wote."

Mwalimu akaondoka na kususa miezi mingi. Baadaye akarudi mwenyewe, kimyakimya, akaketi safu ya mbele siku ya filamu. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Toka hapo hakukosa hata Jumamosi moja.

Sasa, huyu mkutubi alikuwa na baba. Mama alikwishafariki, na mzee alikuwa akiishi naye, chumba cha uani, na redio yake na fimbo yake. Mji mzima ulimwita Mzee Dirisha. Hilo jina halikuwa la dhihaka hata kidogo. Zaidi ya miaka arobaini nyuma, kiwanda cha nguo cha mji ule kiliungua, na wanawake wengi wa chumba cha kusokotea nyuzi wakafia ndani kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Msimamizi wa zamu, kijana wa wakati ule, alichukua nondo akavunja dirisha la upande wa ua, akajikata mikono yote miwili, akawavuta nje waliokuwa karibu. Msimamizi huyo ndiye Mzee Dirisha. Makovu yake yalikuwa yanaonekana mpaka leo, na watoto wa jirani walikuwa wakiomba kuyashika. Mlango uliofungwa kila mtu alijua ni kazi ya meneja, na meneja alikwishakimbia nchi na kufia huko huko.

Bi Soma-Hiki alikua ndani ya hadithi hiyo. Akiwa shuleni aliisimulia mbele ya darasa. Akiwa na wasiwasi wowote wa maisha, alitazama mikono ya baba yake akatulia. Ukimwuliza kwa nini alipenda historia, alikwambia wazi: "Kwa sababu ya baba."

Na kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekua ndani ya hadithi hiyo hiyo, kwa upande wa pili. Huyu alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake mkabala na maktaba. Mama yake alikuwa mmoja wa wale ambao hawakutoka. Aliachwa mdogo mno, hata sura ya mama hakuikumbuka vizuri, achilia mbali sauti. Hakuwa na picha. Fundi huyu alimheshimu Mzee Dirisha kupita kiasi. Suruali zake alizipunguza yeye, mashati yake alimshonea yeye, na kila akimpita alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba yangu huyu," alikuwa akiwaambia wateja. "Alijaribu. Wenzake walikimbia, yeye alijaribu."

Basi filamu ikatengenezwa kuhusu moto ule. Vijana fulani walizunguka miaka kadhaa wakiwarekodi wazee waliofanya kazi kiwandani, wengine wakiwa wamehamia mbali. Kwa Mzee Dirisha walifika pia. Akawafukuza langoni kwa fimbo, akasema anaumwa. Binti yake akadhani ni uchungu tu wa kukumbuka, akamtetea. Filamu ilipokamilika wakamtumia mkutubi nakala.

Alifurahi mno. Hebu fikiria, filamu ya historia juu ya mji wake, na baba yake ndani yake! Hakutaka kuichelewesha. Lakini ilikuwa ni majira ya mitihani, maktaba imejaa wanafunzi hadi kwenye ngazi, na nyumbani hakuwa na mashine ya kuichezesha. Vile vidude vya kusikilizia masikioni vilikuwa vimekatika waya. Kibao cha KIMYA kilichoning'inia juu ya kichwa chake alikiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na miaka yote aliwafokea watu kwa sababu ya mnong'ono tu. Sasa afungulie sauti ya filamu katikati ya watu wanaosoma? Haiwezekani. Akazima sauti, akaitazama filamu yote toka mwanzo hadi mwisho, bila kusikia neno.

Mtu mwingine angesubiri. Yeye akajiambia: nimeimaliza, nimeiona yote. Aliona kiwanda kikiwa magofu. Aliona wazee wakizungumza na kufuta machozi. Alimwona mlinzi wa zamani wa geti, mzee sana, amelala kitandani kwenye chumba chenye pazia la kijani, anaongea muda mrefu huku akipigapiga kiuno chake kwa kiganja. Mkutubi akadhani anaonyesha mahali alipoungua. Masikini, akamhurumia.

Toka siku hiyo hakunyamaza. Aliipendekeza filamu ile kwa kinyozi, kwa dereva wa lori la taka, kwa wauza matunda, kwa mwalimu. Alivuka barabara mpaka kwenye kibanda cha cherehani. "Dada, Jumamosi hiyo funga mapema. Ni filamu ya mama yako na ya baba yangu. Usipokuja tutakosana." Fundi akaahidi kuja, akasema atashona gauni jipya kwa ajili hiyo.

Mzee Dirisha alipoambiwa aliacha kula. Siku mbili nzima chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Siku ya tatu, Jumamosi yenyewe, akatoka chumbani amevaa koti.

"Nitakwenda," alisema.

"Baba, si lazima."

"Nimesema nitakwenda. Mlinzi wa geti yumo?"

"Yumo. Mzee sana."

Mzee akatazama ncha ya fimbo yake. Mkutubi alikuwa anatafuta funguo za ukumbi, hakuona kitu.

Alasiri ile joto lilikuwa limeshika. Fundi wa mitambo, kijana mrefu aliyependa utani, alikuwa akiunganisha nyaya za spika, na mkutubi alikuwa juu ya kiti anavuta mapazia ili ukumbi uwe na giza. Baba yake ameketi nje kwenye benchi la kivulini. Watu walikuwa wameanza kuingia getini.

"Dada, nijaribu sauti?" fundi akauliza. "Nakuwekea mahali popote."

"Jaribu."

Akagusa mahali popote. Spika zikakoroma, kisha ukumbi mtupu ukajaa sauti ya mlinzi wa geti. "Ufunguo haukuwa kwa meneja. Watu wanasema meneja, meneja. Ufunguo ulikuwa hapa, kiunoni kwa msimamizi wa zamu. Mimi nilimwona akifunga, na nilimwona akiondoka nao moto ulipoanza. Yule yule wanayemwita Dirisha."

Mkutubi alishuka kwenye kiti bila kujua alivyoshuka.

"Zima."

Fundi akazima. Naye alikuwa amesikia. Huko nje watu walikuwa wanacheka, wanasalimiana, viatu vinakwaruza ngazi. Mkutubi aliufunga mlango wa ukumbi, akatokea mlango wa nyuma, akamshika baba yake kiwiko na kumpeleka kwenye chumba kidogo cha kutengenezea vitabu vilivyochanika. Kilinuka gundi. Akafunga komeo.

"Baba, ufunguo wa chumba cha nyuzi alikuwa nao nani?"

Mzee alikaa kwenye kigoda. Hakuuliza ufunguo gani. "Kasema nani?"

"Mlinzi."

"Kasema nini?"

"Nakuuliza nani alikuwa na ufunguo!"

"Punguza sauti, mama. Watu watasikia."

Hapo ndipo alipojua. Akashikilia meza ya gundi. Baba yake alikunja na kukunjua vidole, na yale makovu yakapanda na kushuka, makovu ambayo yeye alikuwa akiyabusu utotoni.

"Vitambaa vilikuwa vinaibwa," mzee akasema. "Ikatoka amri, kila zamu ikiingia, mlango ufungwe. Mimi ni msimamizi, nikapewa ufunguo. Kila siku nilifunga. Hakuna aliyelalamika."

"Na moto ulipoanza?"

"Nilikuwa kijana. Ningefukuzwa kazi. Wewe ulikuwa umezaliwa."

"Baba, moto ulipoanza ulifanya nini?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa."

Mkutubi hakuelewa. Ilibidi mzee arudie. Alikuwa amekimbia na ufunguo kiunoni hadi ofisi ya meneja, upande wa pili wa ua, kuuliza kama anaweza kufungua. Meneja hakuwepo. Akangoja mlangoni. Akagonga. Aliporudi, kitasa kilikuwa kinaunguza, ufunguo haukuzunguka, na hapo ndipo alipochukua nondo.

"Kwa hiyo dirisha ni kweli," alisema mzee, na macho yake yalikuwa yanamwomba. "Dirisha sikudanganya. Niliwatoa watu."

"Na mlango ukamwachia marehemu asiyeweza kujibu."

"Watu walisema wenyewe! Mimi sikusema neno. Walisema meneja, nikanyamaza. Basi." Akasimama, akaegemea fimbo. "Badilisha filamu. Una makabati yamejaa. Waonyeshe ya reli. Waonyeshe ya vita. Nani atajua?"

"Fundi cherehani yuko nje."

"Ndiyo maana nakwambia badilisha!"

Alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akipiga kelele. Na mwenyewe alikuwa na hasira, hasira mbaya, ya kutaka kumpiga mtu, na chini ya hasira hiyo alitaka kuweka kichwa chake kwenye koti lile la zamani na kulia. Alitaka kuibadilisha. Wallahi alitaka. Ni baba yake, amebakiza miaka mingapi? Mji ukimgeuka atatembea wapi, atakaa benchi gani?

"Siwezi," akasema. "Watu nimewavunjia heshima ya wazee wao miaka yote, nikawaambia wavumilie. Nikupeleke nyumbani kwanza, kisha nirudi niionyeshe."

"Ukiionyesha," mzee akasema taratibu, "usiniite baba tena."

Mkutubi alifungua komeo akatoka. Hakuangalia nyuma maana angeangalia asingetoka.

Watu walikwishafunguliwa, na ukumbi ulikuwa umejaa. Fundi wa mitambo alimvuta pembeni, akamnong'oneza, na safari hii hakuwa na utani: "Dada, nikiuchomoa waya huu hapa, mashine imekufa. Tunasema imeungua. Mimi sijasikia kitu." Kidole chake kilikuwa tayari kwenye waya. Kijana mwema yule, Mungu ambariki, lakini alimwongezea mzigo.

Mkutubi alisimama mbele ya shuka jeupe. Watu wakatulia. Mwalimu wa jiografia alikuwa safu ya mbele, amekunja mikono kifuani. Kinyozi, dereva, wote. Na katikati, fundi cherehani katika gauni jipya la buluu, kiti cha kando yake amekiwekea mkoba ili kisikaliwe na mtu.

"Nimemshikia baba nafasi," fundi akasema kwa sauti ya furaha. "Yuko wapi?"

"Kuna tatizo kidogo la mashine," mkutubi akasema.

Minong'ono ya masikitiko ikapita ukumbini. Ndivyo ilivyo rahisi. Sentensi moja, na watu walikwisha kuanza kuokota vitu vyao. Mwalimu peke yake hakusogea. Alikuwa anamtazama, si kwa ubaya, anamtazama tu kama mtu anayesubiri kuhesabiwa alama zake.

"Hapana," mkutubi akasema. "Kaeni. Mashine ni nzima. Nimesema uongo, nisameheni. Filamu hii niliwapendekezea wote bila kuisikia, niliitazama kwa macho tu, sauti nimezima kwa sababu ya wanafunzi. Leo nimeisikia. Ndani yake kuna neno zito juu ya mtu wa nyumbani kwangu. Nimemwuliza mwenyewe, na ni kweli." Akamtazama fundi cherehani. "Dada, wewe una haki ya kutoka kama hutaki kulisikia mbele za watu. Tutatoka wote wawili, nikusimulie pembeni."

Fundi cherehani alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeachwa nyuma ya maneno. "Mimi sitoki," akasema. "Nimekuja kutazama."

Taa zikazimwa.

Filamu ilianza na magofu, halafu wazee mmoja mmoja. Mkutubi alisimama kando ya mashine, akisikia kwa mara ya kwanza sauti za nyuso alizozijua. Mmoja alikuwa na kigugumizi. Mwingine alicheka kila alipotaka kulia. Kila uso ulipobadilika alijua ni wangapi wamebaki kabla ya pazia la kijani. Walipofika kwa mwanamke wa kantini ya kiwanda, mlango wa nyuma ulifunguka, mwanga ukaingia, ukafungwa. Fimbo ikagonga sakafu. Mzee Dirisha alipita kando ya binti yake bila kumtazama, akashuka katikati ya viti, watu wakivuta miguu kumpisha. Fundi cherehani akauondoa mkoba. Mzee akakaa, na fundi, kama kawaida yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Pazia la kijani likatokea.

"Ufunguo haukuwa kwa meneja," akaanza mlinzi wa geti.

Mkutubi hakutazama ukuta. Alitazama vichwa viwili vile katikati ya ukumbi. Mlinzi alisema yote, akapiga kiuno, akalitaja jina. Watu wote walivuta pumzi kwa pamoja. Gizani aliona mikono ya fundi cherehani ikiuachia mkono wa baba yake, polepole, kidole baada ya kidole, na kurudi kwenye mapaja ya gauni la buluu.

Filamu ikaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyeiona.

Taa zilipowashwa hakuna aliyesimama. Dereva wa lori la taka alikuwa amepandisha mori, ngumi amezikunja juu ya magoti, na mtu wa nyuma alisema, "Muuaji," si kwa sauti kubwa, lakini ilisikika. Mkutubi alifunga macho. Aliyafungua aliposikia kiti kikisukumwa. Baba yake alikuwa anasimama. Fimbo ilimteleza ikaanguka, hakuna aliyemwokotea. Akashika mgongo wa kiti cha mbele.

"Ni kweli," akasema. "Nilifunga mimi. Nilikuwa na ufunguo, na nilikwenda kuomba ruhusa."

Fundi cherehani aliketi pale pale, anatazama mbele, ukutani pasipo na kitu. Alipozungumza, hakugeuka.

"Mama yangu alikuwa karibu na mlango au mbali?"

"Karibu."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Nilimsikia. Kabla sijaondoka kwenda ofisini, alikuwa anagonga."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Nilikuwa naijua sauti yake. Alikuwa mwimbaji pale kazini."

Fundi aligeuka. Uso wake ulikuwa mgumu, na mkutubi akaogopa, akapiga hatua moja kuelekea kwao, kisha akasimama.

"Mimi sijawahi kujua kama aliimba," fundi akasema. "Alisema nini?"

Mzee aliinamia mgongo wa kiti.

"Alisema, 'Fungua, nina mtoto nyumbani.'"

"Na wewe?"

"Nikamwambia, 'Subiri, naenda kuuliza.'" Akavuta pumzi. "Akaacha kugonga. Akanisubiri."

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akaanza kulia. Kinyozi aliinamisha kichwa. Mtu akasimama, akaenda mlangoni, akarudi akakaa tena. Mkutubi alikuwa analia naye, wazi, bila kujifuta, na hakujua anamlilia nani. Alisubiri fundi cherehani ampige mzee, au amtemee mate, au aondoke, na lolote kati ya hayo angelipokea kuwa ni haki.

Fundi cherehani hakumpiga. Aliuweka mkoba wake sakafuni, akageuza kiti chake kikamwelekea mzee, akamsogelea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Miaka yote hii unayo sauti ya mama yangu," akasema, "na mimi nakupunguzia suruali."

"Nisamehe."

"Sijakuambia uniombe msamaha. Hilo sijui, usiniulize leo. Kaa chini." Mzee akakaa. "Rudia. Sema tena alivyosema."

"Fungua, nina mtoto nyumbani."

"Si hivyo. Kwa sauti yake. Alivyosema yeye."

Mzee akafumba macho. Akarudia, na safari hii sauti ilisikika hadi viti vya nyuma.